Printa ya wino imezeeka, nichukue hizi za tatu kwa moja za tangi au leza? (niko Lamu)

MwanaLangoni
Asalam aleikum jamaa zangu, naombeni ushauri kabla sijatupa pesa baharini. Nina kiduka cha stesheneri hapa Langoni, nauza madaftari, kalamu, na hizi kazi ndogondogo za kuchapa. Printa yangu ni ile ndogo ya katriji mbili, nyeusi na ya rangi, yachapa tu, haiskani wala haitoi kopi, niko nayo tangu 2014 na kusema kweli imenilisha. Lakini sasa imechoka. Juzi mama mmoja kaja na kazi ya mwanawe ya shule, wajua tena hizi kazi za CBC, mtaala wetu wa shule, mzazi ndiye mwanafunzi, ataka picha za wanyama wa kufugwa. Ng'ombe wote wametoka kijani. Kaniangalia, nimemwangalia, nikamrudishia pesa yake.

Mteja wa kopi nampeleka kwa jirani, yaani riziki naitoa mkononi mwangu mwenyewe nampa mwingine. Kuskani napiga picha na simu, kitambulisho chatoka kimepinda upande mmoja kama kimepigwa na wimbi. Na katriji ndizo zanimaliza, nikizihesabu kwa mwaka zashinda bei ya printa yenyewe.

Nimeweka kama 30,000. Kuna anayenambia tangi kuna anayenambia leza. Kazi yangu ni nyeusi 30 au 40 kwa siku, wakati wa fomu za shule yapita 100, rangi chache, isipokuwa Maulidi ndio watu wataka matangazo ya rangi. Ramadhani duka lalala kabisa. Stima mwaijua wenyewe. Nifanyeje?

FundiMalindi
Waleikum salam dada. Kwanza hiyo ya zamani usiitupe bado, fanya jaribio moja dogo. Geuza katriji ya rangi uangalie chini, kama kuna kile kibati chembamba chenye vitundu basi hedi, kile kichwa kinachorusha wino, iko kwenye katriji yenyewe, si kwenye mashine. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, kimo cha ukucha tu, ikalishe katriji kibati kiguse maji dakika tatu nne, itoe, ikandamize taratibu juu ya tisho iliyokunjwa. Yatakiwa uone mistari mitatu imekaa ubavu kwa ubavu, buluu, waridi na njano. Mimi nakwambia hata kabla hujafanya, ya waridi haitoki. Ikibaki buluu na njano peke yake, zikichanganyika ni kijani, ndio maana ng'ombe wako wamegeuka majani. Ukipata maji ya betri tumia hayo kuliko ya kisima, lakini maji, si asidi!! kuna kijana aliwahi kuniletea katriji alotia asidi, sijui alifikiria nini.

Sasa kuhusu mpya. Kwa kazi uliyosema mimi ningeenda tangi. Mfano Epson L3250, yachapa yaskani yatoa kopi, kopi haitaki hata kompyuta iwe imewashwa, na ina waifai yake yenyewe, mteja akikutumia kitu WhatsApp wachapa kutoka kwenye simu bila bando ya intaneti kwenye printa. Chupa ya nyeusi ya ml 65 kampuni waandika kurasa 4,500, na za rangi zote tatu pamoja kurasa 7,500. Hizo ni kurasa za maandishi ya kawaida si picha iliyojaa ukurasa mzima, kwa hivyo wewe punguza, lakini hata ukikata nusu bado huwezi kulinganisha na katriji. Canon wana zao za G na HP wana Smart Tank, zote mpango ni huo huo, wino kwenye chupa wamimina.

Na tangi si kitu kigeni, Epson walianza kuziuza Indonesia 2010 kwa sababu mafundi kule walikuwa tayari wanatoboa katriji wanaunganisha vipaipu na chupa za nje, kama tulivyokuwa tukifanya sisi na sindano. Kampuni ikaona bora iuze yenyewe.

Ila tangi haipendi kukaa bure. Hiyo Ramadhani duka likilala, kila wiki chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Na usizime kwenye soketi, zima kwenye kitufe chake ungoje inyamaze, pale ndio hedi yarudi kwenye kizibo chake. Stima ikikatika katikati ya kazi hedi yabaki wazi, ikirudi iwashe hata kama huna kazi, irudi nyumbani kwanza. Wengi husahau hii halafu waja kwangu wakilia wino umekauka.

SaibaMkomani
Fundi nakuheshimu lakini kwa kopi 100 kwa siku mimi ni mtu wa leza ya nyeusi, iwe multifanksheni, yachapa yaskani yatoa kopi. Tona, ndio wino wa leza, ni unga, haikauki, funga duka mwezi mzima wende Mombasa urudi, ukurasa wa kwanza watoka safi. Na kitu kimoja huku kwetu watu hawakifikirii, hizi karatasi zetu zapanda boti. Mteja achukua fomu kwangu avuka Mokowe kule bara, bahari ikichafuka kidogo maji yamrukia, wino wa hizi printa nyingi ukipata tone la maji chumvi herufi zaenea kama wanja uliolia. Ya leza unaipangusa na shati unaendelea. Nilishapoteza mteja kwa sababu ya sahihi moja iliyoyeyuka.

Lakini nisikudanganye dada, leza ina ubaya wake nao ni stima. Ndani kuna roli yapashwa moto karibu digrii 200 ndio unga uyeyuke ushike karatasi, kwa hivyo ikiamka yavuta moto ghafla hadi taa za duka zafumba jicho. Mimi nilijifanya mjanja nikaichomeka kwenye inveta yangu ndogo ya sola, ikapiga kelele piiiiii ikajizima, mteja wa pasipoti amesimama hapo. Na yupiesi ndogo, lile boksi la betri la kompyuta, pia usijaribu. Tangi yala wati kama 12 tu ikichapa, hiyo hata sola ya paa dogo yaibeba. Kwa hivyo angalia kwanza moto wako watoka wapi ndio uchague.

kijana_wa_gati
ng'ombe kijani 😂😂 mwalimu angempa alama za ubunifu bure

MwanaLangoni
@kijana wewe cheka tu siku yako yaja 😅

Ahsanteni sana wote. Saiba, maneno ya maji ya chumvi yamenigusa, kweli nimeshaona vyeti vimeharibika hivyo, lakini mimi sina inveta kubwa, niko na sola ya taa mbili na simu, na watoto wa shule wote wataka rangi. Naona tangi itanifaa zaidi, na zile barua za maana za kuvuka nazo nitawatilia kwenye karatasi ya plastiki, niko nazo dukani za bei rahisi tu. Maswali mawili. Ile inayovuta karatasi zenyewe juu, ukaweka rundo ikaskani yote, ni lazima? Na nikinunua Mombasa itafika vipi salama, maana hapa duka moja wameniongezea bei mpaka nimeogopa.

FundiMalindi
Hiyo ya kuvuta yaitwa ADF. L3250 haina, L5290 inayo lakini bei yapanda. Jiulize, wapata mara ngapi mtu mwenye kurasa 20 za kuskani? Kama ni vitambulisho na vyeti, kile kioo cha kawaida chatosha tena ndio bora, cheti kikuukuu ukikipitisha kwenye roli utakichana uje ulipe. Angalia pia kompyuta yako ni Windows gani kabla hujalipa, kama ni ya zamani sana hakikisha draiva zake, zile programu za kuiendesha printa, ziko.

MwalimuShela
Dada yangu, kuhusu safari nakuelezea yaliyonikuta. Sisi madrasani tulinunua ya tangi huko Mombasa, muuza duka kwa wema wake akasema ngoja niwajazie wino niwaonyeshe yafanya kazi. Ikachapa vizuri, tukafurahi, tukaifunga. Basi hadi Mokowe, ikashuka ikapanda boti, gatini tukapata punda. Sasa yule kijana wa punda kaliona boksi refu, akalilaza ubavu ndio likae sawa kwenye shogi. Tumefika mlangoni mwa madrasa naona tone jeusi kwenye mchanga, jingine, jingine, nikafuata kwa macho, mstari mzima hadi kule tulikotoka. Kufungua boksi, buluu imeingia kwenye njano, ubavu wa punda umekuwa kama leso. Punda alikaa na rangi hiyo wiki mbili watoto wakimwita Bwana Harusi.

Kwa hivyo sikiliza, mwambie muuzaji asijaze kitu, chupa zije zimefungwa na sili zake, wewe ujaze hapa mezani. Risiti na waranti hakikisha vimo. Boksi liandikwe UPANDE HUU JUU kwa kalamu kubwa pande zote nne na umpe mtu unayemjua, si kulitupa kwenye buti na magunia ya viazi. Hapa mjini mlipe hamali alibebe kichwani, ni pesa kidogo.

Na karatasi zako usiziache wazi, kusi likianza unyevu waingia zakunjana, printa yameza mbili mbili wafikiri imeharibika kumbe ni karatasi. Rimu ukiifungua irudishe kwenye nailoni yake.

SaibaMkomani
@MwalimuShela huyo punda nilimuona wallahi nikadhani ni mambo ya mashindano 😂

Dada sawa chukua tangi, ila kazi ya kopi nyingi ikikujia siku za fomu nilete kwangu tugawane, mimi nitakuletea wa rangi.

MwanaLangoni
Hapo tumekubaliana Saiba, usinigeuke tu.

Nimefanya ile ya kisahani jana usiku ami Fundi. Buluu imetoka, njano imetoka, katikati tisho nyeupe pee. Nimerudia mara tatu, mara ya tatu kimetokea kijidoa cha waridi kama mtu kachomwa na sindano, basi. Nimeona niiache iwe ya nyeusi peke yake mpaka wino uishe.

Nimeshaongea na binamu yangu yuko Mombasa, anipandishia basi la Jumatano, chupa hazijafunguliwa, na hamali nimemuweka. Yule mama nimempigia nikamwambia arudi Ijumaa asubuhi na picha zake, kaniuliza ng'ombe watakuwa rangi gani safari hii.