Mjadala: Ukiishi Nakuru, supachaja au throtoli nne?

MWANZISHA MADA

Wadau, habari za jioni. Kuna kijana wa hapa Nakuru ana Corolla AE101, bodi safi, lakini injini yake ya kawaida, 4A-FE, imechoka. Ameoneshwa injini mbili za mtumba kutoka Japani na pesa zake zinatosha moja. Ya kwanza ni 4A-GZE yenye supachaja. Ya pili ni 4A-GE ya vali 20, ile yenye kifuniko cha rangi ya fedha, ambayo kila silinda ina throtoli yake, yaani mlango wake wa kuingizia hewa. Marafiki zake wamegawanyika, na nimechoka kuona ubishi huu ukiamuliwa na mlio wa ekzosi.

Msimamo wangu nausema mapema: achukue supachaja. Sababu ni mwinuko.

Kwa wasiozifahamu: supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, nayo huisukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingejivutia. Throtoli nne hazisukumi chochote. Zinakaa karibu na vali, silinda moja throtoli moja, kwa hiyo ukikanyaga mafuta injini inaitika hapo hapo. Urefu wa zile tarumbeta zake, yaani mirija mifupi ya kuingizia hewa, nao unasaidia kujaza silinda injini ikizunguka kwa kasi fulani.

Uzuri ni kwamba Toyota yenyewe ilizitia zote mbili kwenye AE101, lita 1.6 zote. Ya supachaja ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 170, ya throtoli nne 160. Karibu sawa, si ndiyo? Angalia sasa nguvu ya kuvuta: nyutoni-mita 210 kwa mizunguko 4,400, dhidi ya 162 kwa mizunguko 5,200. Tena zile farasi 160 huzipati mpaka injini ifike mizunguko 7,400 kwa dakika. Ni nani anayefika huko akipita matuta ya Salgaa?

Na hizo ni namba za pwani. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Kwa hesabu ya haraka, farasi 160 zinabaki kama 128. Panda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, unabaki na 115 hivi. Mwenye GZE naye anapunguzwa, lakini 210 yake ikikatwa inabaki 168. Yaani akiwa hapa Nakuru anavuta kuliko mwenye throtoli nne aliyepaki Likoni. Anayepinga aje na hesabu.

WA KONDELE

Mkuu, heshima zako, ila umepiga hesabu ya mtu wa lori. Huyu kijana habebi mahindi kutoka Kitale. Corolla ile ni nyepesi, farasi 128 zinamtosha na kubaki. Mtu anatafuta throtoli nne kwa sababu ya mguu wake wa kulia: anavyokanyaga ndivyo gari linavyokwenda. Hilo huwezi kuliandika kwenye jedwali lako la namba.

Halafu joto. Hewa ikikandamizwa inachemka, na hiyo intakula, kipoza hewa chake, inategemea upepo wa nje. Njoo Kisumu mwezi wa pili saa nane mchana, ukae kwenye foleni ya Kondele, uniambie hiyo hewa iliyopozwa imepozwa na nini. Injini ikianza kugonga, yaani mafuta kujilipukia ovyo ndani ya silinda, kompyuta inarudisha taimingi ya cheche nyuma, na zile nyutoni zako zinayeyuka. Huku tuko mita 1,130 hivi, hewa si nyembamba kama yenu. Tusifanye mwinuko wa Nakuru kuwa sheria ya Magharibi yote.

Na mkanda unaouzungusha huo mtambo unakula nguvu ya injini ile ile. Hilo umelipita kimya kimya.

FUNDI WA SHABAB, NAKURU

Naomba niwakatishe kidogo, maana nyote wawili mmeacha kitu.

Mwanzisha mada, umesema kweli kwamba GZE nayo inapunguzwa, lakini wasomaji wengi watadhani supachaja inafuta mwinuko. Haifuti. Ile ni pampu ya ujazo: kila mzunguko inabeba kiasi kile kile cha hewa, na hewa ikiwa nyembamba inabeba hiyo hiyo nyembamba. Kinachoweza kufidia mwinuko chenyewe ni tabo, pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi, kwa kuwa vali yake ya kupitishia moshi kando inaweza kukaa imefungwa zaidi ili tabo izunguke kwa kasi zaidi. Kwa supachaja unabadilisha puli, unaweka ndogo ili pampu iende mbio.

Hapo ndipo pana mtego. Chukua pampu inayozidisha hewa mara moja na nusu: Nakuru inakupa mgandamizo wa kama kilopaskali 121. Weka puli ndogo, izidishe mara 1.7, unapata 138, na injini inacheka. Teremka na gari hilo mpaka Mombasa bila kugusa kitu: 172. Hiyo ni injini nyingine kabisa, kwa pistoni zile zile na petroli ile ile ya super. Wengi huku juu hawasikii kugonga kwa sababu hewa nyembamba inawasitiri. Wanadhani wametuni vizuri.

Upande wa throtoli nne, nimeletewa magari yenye makosa ya aina mbili. Injini hiyo ya kifuniko cha fedha inapima hewa kwa kibao kinachosukumwa na hewa yenyewe kabla ya boksi linalofunika tarumbeta. Kijana anang'oa boksi na bomba lote ili asikie tarumbeta, ameng'oa na kipimo. Gari halitulii, linakunywa mafuta, plagi nyeusi. Ukitaka tarumbeta wazi ni lazima ununue kompyuta nyingine inayosoma pembe ya throtoli, na mtu wa kuituni. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya injini aliyooneshwa.

La pili ni busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga. Inaishi kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, na throtoli zikitengana vakyumu ya silinda moja inakuja kwa mapigo. Wapo wanaochomeka hozi ya busta kwenye silinda moja tu. Kanyaga breki mara tatu mfululizo na pedali inakuwa jiwe. Vuta kutoka silinda zote nne kupitia kitangi kidogo chenye vali ya kuzuia hewa isirudi. Kuna mteremko kutoka Mau Summit kuja Nakuru, sote tunaujua, na sitaki kusoma jina la mteja wangu kwenye gazeti.

DEREVA WA LANET

Samahani wakubwa, mimi ni mtumiaji tu, wala si fundi. Mbona hamtaji vumbi? Tarumbeta zikiwa wazi zinameza kila kitu. Tangu Safari Rally irudi kwenye WRC, mashindano ya dunia ya mbio za magari, mwaka 2021, hapo Naivasha, magari ya viwanda yenyewe yamewahi kufungwa mirija ya kuvutia hewa juu. Sisi tunataka kwenda Subukia na wavu wa chuma.

Na je, lazima iwe moja? Nissan Skyline GT-R za injini ya RB26 zina throtoli sita na tabo mbili.

MWANZISHA MADA

Dada wa Lanet, RB26 ni kweli, na ndiyo maana bei yake haimo kwenye mazungumzo ya kijana huyu. Vumbi nakuunga mkono asilimia mia.

Wa Kondele, mkanda kula nguvu ni kweli, lakini 170 na 210 ni namba baada ya mkanda kula. Tena supachaja hiyo ina klachi ya sumaku. Ukiendesha polepole inajitenga. Joto la foleni nakubali. Kama angekuwa anaishi Kisumu na ana pesa ya kompyuta, ningebishana nawe kwa sauti ya chini.

Fundi, la puli umenizidi. Namwambia aiache puli ya kiwandani. Kabla ya kulipa azungushe sahani ya mbele ya klachi hiyo ya supachaja kwa mkono asikilize kama rota zinakwaruza, na akague mafuta yake, kwa sababu pampu hiyo ina mafuta yake mbali na ya injini, na wauzaji wengi hawajui hata yapo.

WA KONDELE

Kwa hiyo umekubali kwamba Kisumu tuko sahihi.

MWANZISHA MADA

Nimekubali Kisumu mna joto, kaka. Sasa aliyewahi kushuka Mombasa na GZE yenye puli ndogo aje aseme: taimingi alirudisha nyuzi ngapi, na petroli alijaza ipi?