Tupeane uzoefu: ushirikiano wa Umoja wa Ulaya ulikufikia vipi?

Wakuu, salaam. Kila mkataba mpya na Umoja wa Ulaya ukitajwa, mjadala unagawanyika mara moja: hawa wanasema tunanyonywa, wale wanasema tunasaidiwa. Na si jambo la jana. Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya chimbuko lake ni Mkataba wa Roma wa 1957. Mwaka 1969 Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini makubaliano yao na Ulaya Arusha. Ikaja mikataba ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki: Lomé 1975, Cotonou 2000, na Novemba 2023 ukasainiwa mkataba mwingine kule Apia, Samoa.

Naomba tuseme kilichotufikia sisi wenyewe: kazi, soko, masomo, miche, hata usumbufu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mabilioni yanayotangazwa hayanisisimui sana. Naangalia kilichobaki mikononi mwetu baada ya mradi kufungwa.

Mzee wa Mwaloni

Nipo kwenye biashara ya sangara Mwanza tangu kabla ya marufuku. Vijana wengi hawajui kwamba mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, sababu ikiwa ni watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilipunguza zamu, bei mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ikaporomoka, na aliyeumia zaidi ni mwenye mtumbwi aliyekopa nyavu. Yule wa sumu hakuonekana tena. Sisi Tanzania tulifunguliwa mwanzoni mwa 2000, wenzetu wa Uganda na Kenya wakafuata baadaye mwaka huohuo.

Kilichofuata ndicho cha kusimulia. Zamani sangara alishushwa mchangani, akaburutwa hadi kwenye mzani, akapakiwa. Baadaye ikajengwa mialo ya kisasa, mingine kwa fedha za mradi wa Ulaya wa usimamizi wa uvuvi ziwani: gati la kuelea, meza, paa, maji safi, uzio. Boti za kukusanya samaki zikalazimika kubeba barafu. Mkaguzi anafunua mashavu kuona wekundu, anabonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi, ananusa, anapima joto. Akikataa amekataa, hata mzigo uwe wa nani. Na huyo mkaguzi ni Mtanzania. Cheti cha afya kinachosafiri na minofu kinatolewa na serikali yetu, na Nyegezi tuna maabara ya samaki. Kwangu huo ndio ushirikiano, kwa sababu mradi umeisha na kazi inaendelea.

Lakini niseme na linaloniuma. Meza safi na barafu vilikwenda kwa sangara wa kusafirishwa. Dagaa, anayeliwa na mtoto wa hapa, tuliendelea kumwona akianikwa mchangani miaka mingi. Mlaji wa Ulaya alilindwa kwanza.

Mleta mada

Mzee, asante sana. Hilo la dagaa lilipaswa kuandikwa kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza, na waliopaswa kulidai ni sisi.

Buni Mbivu

Mimi ni wa kahawa, Kilimanjaro. Chini ya Lomé kulikuwa na utaratibu uliojulikana kama Stabex: mapato ya zao yakishuka, Ulaya inafidia. Fidia iliingia serikalini, haikuingia mfukoni mwa mkulima, na wazee wetu walinung'unika. Ila sehemu ya fedha hizo ilisaidia taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanza 2001 pale Lyamungo. Wakatuletea miche chotara inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Baba yangu alikuwa akipulizia mrututu, dawa ya shaba, msimu mzima, na bado punje zinakuwa nyeusi mtini. Nilipong'oa mibuni ya zamani na kupanda chotara, gharama kubwa ya dawa ikaondoka. Sijui msaada mwingine wowote uliofika shambani kwetu namna hiyo.

Sasa kuna sheria mpya ya Ulaya ya 2023 kuhusu misitu: kahawa isitoke kwenye eneo lililokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza wameisogeza zaidi ya mara moja, lakini msijidanganye kwamba imekufa. Karani wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, alipita kihamba hadi kihamba (shamba la nyumbani) na simu, akasimama katikati ya migomba, akachukua alama ya mahali. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 alama moja inatosha. Kama chama chenu hakijaanza, kawasumbueni viongozi. Mnunuzi akikosa taarifa hizo atakwenda kwa mwingine.

Mkulima wa Mishiri

Hamjambo ndugu zangu, niko Kirinyaga, Kenya, nalima mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda. Nyinyi Tanzania na Uganda mnaingiza karibu kila kitu Ulaya bila ushuru kupitia mpango wa 2001 wa nchi maskini zaidi, silaha tu zimeachwa nje. Kenya hatumo kwenye orodha hiyo. Oktoba 2014, mazungumzo ya mkataba wa biashara kati ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki na Ulaya yalipochelewa, maua na mboga zetu zilitozwa ushuru hadi karibu na Krismasi. Kwa hivyo Kenya iliposaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza Julai 2024, mimi nilishukuru. Najua kwenu wengi mnaona tuliwaacha njiani.

Lakini shida yangu ya kila wiki ni mabaki ya dawa. Daftari la kunyunyiza lazima lionyeshe dawa gani, tarehe gani, na siku ngapi zimepita kabla ya kuvuna. Jirani mmoja akiharibu, kikundi kizima kinakosa mnunuzi.

Mhasibu wa Asasi

Dodoma hapa. Wanaotaka ruzuku za Ulaya, someni mwongozo wa mwito wa maombi mstari kwa mstari. Mara nyingi unaanza na andiko fupi la mradi, ukipita ndipo unaombwa andiko kamili, na mara nyingi lazima mchangie sehemu ya bajeti. Matumizi yasiyo na vielelezo hayakubaliwi, yanarudishwa. Saruji iliyonunuliwa kijijini bila risiti ni deni la asasi. Asasi ndogo ingieni kama mbia wa asasi kubwa kwanza, mjifunze mahesabu yao.

Binti wa Erasmus

Kwa wanafunzi: Erasmus Mundus, ufadhili wa Ulaya wa shahada ya uzamili, ni ya kweli, na ufadhili unagusa ada, safari na kujikimu. Unasoma vyuo vya nchi zaidi ya moja. Mimi nilianza Ubelgiji nikamalizia Ureno, ikabidi nishughulikie vibali vya ukaazi kote kuwili. Maombi unatuma mwenyewe kwa muungano wa vyuo unaoendesha kozi. Anayekudai hela ya "kukuunganisha" mkimbie.

Mleta mada

Nimefurahi kusoma. Kuna upande mmoja bado haujaguswa. Mpango wa uwekezaji wa Ulaya uitwao Global Gateway, ulipotangazwa Desemba 2021, ulitaja hadi yuro bilioni 300 kufikia 2027, na ndani yake kuna mikopo na dhamana za kuvutia wawekezaji, si ruzuku tupu. Kwa Mwanza, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya pamoja na shirika la maendeleo la Ufaransa zimekopesha fedha za miradi ya maji, ukiwemo mtambo wa Butimba. Mkopo tutaulipa wote, kwa hiyo nataka kusikia kutoka kwa wakazi wa Buhongwa, Igoma na Kisesa: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na bili ikoje ukilinganisha na mlivyokuwa mkinunua kwa ndoo? Mzee wa Mwaloni, kama una jamaa huko, mwite aje aandike.