Boti ya baba huko Matema: nyaya zote zing'olewe, au tuunge hapo hapo?

Kutoka Southampton

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Ile boti ya faiba ya mita sita niliyoituma nyumbani, baba anabebea abiria na vyungu vya Wakisi kati ya Ikombe na Matema, Ziwa Nyasa. Sasa taa zinazima zenyewe, pampu ya kutoa maji inafanya kazi ikijisikia, na mahali pa fyuzi moja wamechomeka kipande cha waya. Fundi anasema atapitisha nyaya mpya pembeni ya zile za zamani, kisha boti ipelekwe gereji ya Mwanjelwa, Mbeya, wakazibe na sehemu ya nyuma iliyolainika. Nitakuwa nyumbani Juni mpaka Agosti. Ningoje niwepo? Na nibebe nini kutoka huku?

Kutoka Bergen

Marahaba mdogo wangu. Ngoja uwepo, na nyaya zing'olewe zote.

Mimi nipo karakana ya boti, na kwetu hizi ni kazi za majira ya baridi, boti zikiwa zimepandishwa nchi kavu. Mtu analeta boti anasema kuna katatizo ka taa. Ukifungua paneli unakuta nyaya za mafundi watatu waliopita, nusu yake hazina kazi, na hakuna anayejua ni zipi. Ukiongeza za kwako juu ya hizo, atakayekuja baada yako atakulaani.

Ila usikimbilie kukata. Piga picha, fuata kila waya toka betri hadi unakoishia, ufunge plasta yenye jina: pampu, taa ya mbele, honi. Chora yote kwenye karatasi. Halafu funga ncha ya waya mpya kwenye ya zamani, mmoja avute huku na mwingine asukume kule.

Usikubali waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Boti inatikisika muda wote, na uzi huo hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Nunua huko Uingereza waya wa boti, wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Ziwa letu halina chumvi, sawa, lakini unyevu wa Kyela unatosha kuchakaza shaba tupu.

Unene wake usikisie. Tuseme pampu inakula ampea 5 na iko mita 6 kutoka betri. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Waya wa milimita 2.5 za mraba utapoteza karibu volti 0.4 njiani. Wa milimita 4 utapoteza kama 0.26. Kwa pampu na taa za usiku tunataka upotevu usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12. Chukua wa 4. Redio ya muziki hata ikipungukiwa kidogo haizamishi mtu.

Maungio yabanwe kwa koleo maalumu la terminali (vile vichwa vya chuma vya kuungia waya), kisha uvishe mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Mafundi wengi watataka kulehemu kwa risasi. Wakatalie, maana risasi hupanda ndani ya nyuzi, waya unakakamaa, na mtikisiko unaukata pale pale ukakamavu unapoishia.

Fyuzi kuu ikae jirani na betri, ndani ya sentimita 18 hivi. Kazi yake ni kuulinda waya usiungue, ndiyo maana hicho kipande walichochomeka kinanitisha kuliko yote uliyoandika, hasa kwenye boti yenye petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini sakafuni ukisubiri cheche. Pampu nayo ipewe njia yake toka betri, na fyuzi yake, isipitie swichi kuu. Boti ikilala imezimwa na maji yakaingia, pampu iweze kujiwasha.

Kutoka Kyela

Ugonile mwanangu. Dada yako amesema vizuri ya umeme. Mimi naongezea ya faiba: boti isipandishwe Mbeya. Mji ule uko kama mita 1,700, na kipupwe chake mnakijua. Rezini, ile gundi ya faiba, inataka joto la nyuzi 15 kwenda juu, la sivyo itabaki inanata. Huku tuko kwenye mita 500 hivi, banda la bati linatosha. Na Juni kusi likianza, ziwa linachafuka, safari zinapungua zenyewe, kwa hiyo mzee hatapoteza sana.

Ubao wa nyuma unaobeba injini umekunywa mvua za masika. Ufunuliwe mapema ukauke kabisa. Ukizibwa na maji ndani utaoza upya, na injini itakuja kuondoka nao.

Yule kijana anayeendesha akae na wewe mwanzo mpaka mwisho. Wewe Agosti unapanda ndege.

Kutoka Southampton

Asanteni sana. Swali dogo: vile vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya injini, baba anasema bado ni kama vipya. Niache?

Kutoka Bergen

Badilisha. Vinatakiwa viliwe na maji badala ya injini. Vikibaki vipya ujue havifanyi kazi, na kinacholiwa ni injini yenyewe. Zinki ni ya maji chumvi, kwenye maji yasiyo na chumvi inajifunika utando na kulala. Kwa Nyasa tafuta vya magnesi, na mtu asivipake rangi.

Kutoka Kyela

Na taa za mbele lete pea nzima, nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia. Sasa hivi ina nyekundu pande zote mbili, kijana anasema ndiyo iliyokuwepo dukani.