Kupunguza mashudu ya soya kwa nguruwe wanaokua: laisini iongezwe kiasi gani?

Swali
Ndugu wafugaji, nguruwe wangu wenye uzito wa kilo 30 hadi 60 wanakula mchanganyiko wa mahindi na mashudu ya soya. Kwa kuwa mashudu ndiyo yanayopandisha gharama, nakusudia kuyapunguza na kuongeza laisini ya unga. Naweza kufika wapi bila kuwadumaza? Aidha, tangu nilipozidisha chokaa ili kuimarisha mifupa, baadhi yao wametokwa na magamba makavu miguuni na tumboni, ingawa hawajikuni.

Jibu la 1
Ndugu, katika chakula cha mahindi na soya, laisini ndiyo asidi amino (moja ya viungo vinavyojenga protini) inayopelea kwanza. Ikipungua, nguruwe hawezi kujenga nyama hata kama protini kwa jumla inaonekana kutosha, kwani asidi amino zilizobaki huvunjwa mwilini na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo. Kanuni ya siku nyingi ni kwamba, katika tani moja ya chakula, kilo 1.5 za laisini hidrokloridi pamoja na kilo 48.5 za mahindi huchukua nafasi ya kilo 50 za mashudu. Unga huo una takriban asilimia 78 tu ya laisini yenyewe, kwa hiyo usiuhesabu kana kwamba wote ni laisini.

Ukipunguza mashudu zaidi ya hapo, kikwazo kinahamia kwa asidi amino nyingine, yaani threonini, methionini na triptofani, na kuongeza laisini peke yake hakutasaidia kitu. Threonini inayosagika tumboni iwe karibu asilimia 60 ya laisini, na triptofani asilimia 17 au 18. Binafsi nisingevuka kiwango hicho cha kwanza bila kuwa na asidi hizo mkononi.

Jibu la 2
Kuhusu magamba, nashuku chokaa. Kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, ikizidi hushirikiana na fitati (kiini kinachohifadhi fosforasi ndani ya mbegu) iliyomo kwenye nafaka na mashudu kuzuia zinki isifyonzwe, na upungufu wa zinki huifanya ngozi iwe nene na yenye magamba. Upele unaoletwa na utitiri huwasha sana, hivyo kutojikuna kwao ni dalili muhimu, ingawa ni vyema daktari wa mifugo akawatazama. Rudisha uwiano wa kalisi na fosforasi kati ya 1:1 na 1.25:1, kisha hakikisha mchanganyiko wa madini una zinki ya kutosha. Mifupa haiimariki kwa kalisi peke yake: karibu theluthi mbili za fosforasi ya nafaka zimefungwa kwenye fitati, na nguruwe hufaidi sehemu ndogo tu ya hiyo asipowekewa fitasi, kimeng'enya kinachovunja fitati.

Jibu la 3
Naongeza moja tu: laisini na madini vichanganywe kwanza na mahindi machache yaliyosagwa, ndipo vitiwe kwenye mchanganyiko mkubwa, vinginevyo baadhi ya nguruwe watapata nyingi na wengine wakose kabisa.