Tupeane uzoefu: Umewahi kuwekewa zuio kwa ajili ya afya ya wengine?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane nyakati ambazo ugonjwa ulisababisha tuwekewe zuio, iwe ni kutengwa, kufungiwa biashara au kukatazwa kumzika mtu kwa desturi zetu. Ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaruhusu haki ya mtu kuwekewa mipaka kwa ajili ya afya ya jamii, na Kanuni za Siracusa za mwaka 1984, yaani miongozo ya kimataifa kuhusu kuwekea mipaka haki za binadamu, zinataka zuio hilo liwe la kisheria, la lazima, lisilobagua wala kuzidi kiasi.

Naanza mwenyewe. Baba mdogo alipofariki kwa kipindupindu hapa Tanga, tuliambiwa kwamba mwili hautaletwa nyumbani. Sikupinga, kwani maji ya kuoshea maiti ya namna hiyo yakifika kisimani mtaa mzima uko hatarini. Kilichoniuma ni kwamba watu wa afya waliotangulia kuja hawakutueleza lolote. Baadaye alifika bwana afya mmoja wa makamo, akaketi mkekani na wazee, akauliza ni jambo gani katika maziko tusiloweza kuliacha. Tukamjibu kwamba ni josho na sala. Akamvisha binamu yangu glovu, aproni na buti, akamsimamia amwoshe marehemu kwa maji yenye klorini, kisha marehemu akavishwa sanda, ndipo akatiwa kwenye mfuko wa maiti. Sala tukaisali makaburini. Chakula cha matanga hakikupikwa, na hakuna aliyenung'unika.

Mchangiaji wa Ngamiani: Poleni sana, kaka. Mimi ni mama lishe, na mlipuko ulipotokea tulifungiwa sote wa barazani, ilhali hoteli zenye milango ziliachwa ziendelee kuuza. Hakuna aliyekuja kuangalia kama maji nayachemsha na vyombo nimevifunika. Kutii nilitii, lakini naona kwamba anayeikosa riziki yake kwa ajili ya usalama wa wote anastahili kushikwa mkono na hao wote, angalau kodi na unga wa watoto.

Mchangiaji wa Makorora: Bibi yangu alikataa kingatiba, yaani dawa ya kukinga, ya matende na mabusha. Mgawa dawa hakumlazimisha. Alirudi jioni, akamweleza kwa nini dawa humezwa hata na asiyeumwa, na bibi akakubali. Kwa ugonjwa unaoenezwa na mbu taratibu namna hiyo, sioni sababu ya kutumia nguvu ilhali muda wa kumshawishi mtu upo.