Nililala kwenye zamu yangu ya maombi. Hili ni jaribu la imani, au imani yenyewe ndiyo imekwisha?

Mleta uzi
Wapendwa, Bwana asifiwe. Nisomeni hadi mwisho ndipo mnijibu, tafadhali.

Mdogo wangu aliugua muda mrefu. Alipozidiwa, kikundi chetu kilipanga mnyororo wa maombi wa saa 24, kila mtu na saa yake, majina yakaandikwa kwenye daftari. Zamu yangu ilikuwa saa nane usiku hadi saa tisa. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikalaza paji la uso kwenye godoro ili nisisumbuliwe na mwanga wa simu. Nilipoinua kichwa kulikuwa kumepambazuka, na mshono wa shuka umejichora shavuni. Alikuwa ameshafariki, tangu saa kumi na moja alfajiri.

Baada ya maziko kiongozi mmoja alisema kikaoni, bila kutaja jina, kwamba adui hupenya pale mlinzi anaposinzia. Hakunitazama. Hakuwa na haja.

Huu ni mwezi wa nane. Ibadani naenda, naimba, sadaka natoa, ila ndani pakavu kabisa. Nikianza Baba Yetu, nikifika "mapenzi yako" sauti inakata. Kila ninayemweleza ananiambia ni jaribu, dhahabu lazima ipite motoni. Sawa, nimesikia. Sasa aliyemo ndani ya moto anajuaje kama anasafishwa au anateketea?

Askari wa Msalaba
Pole dada. Lakini tuseme ukweli, Mungu hajaribu bure. Jichunguze, huenda kuna dhambi uliyoificha. Tubu, funga siku tatu, huo ukavu utaondoka.

Bibi Shemasi
Askari, mwanangu, marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, wakaanza kumtafutia dhambi kama unavyofanya wewe. Soma sura ya 42 uone nani aliambiwa na Mungu kwamba hakunena yaliyo sawa. Hakuwa Ayubu, aliyekuwa akilalamika sura baada ya sura.

Binti yangu, pole sana. Kabla hatujaenda mbali nikuambie jambo moja, na atakayenipinga anipinge: mimi siamini kwamba Mungu alimchukua mdogo wako ili akusafishe wewe. Yule alikuwa mtu, ana maisha yake kwa Mungu wake. Hakuwa kuni za moto wako.

Mleta uzi
Bibi, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma nikaweka simu chini. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mjoli
Naongezea kwa Bibi. Kuna mkanganyiko ambao lugha yetu inauchangia. Neno letu "majaribu" linabeba vitu viwili: mapito magumu, na kushawishiwa kutenda ovu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja tu, *peirasmos*, kwa yote mawili. Ndiyo maana Yakobo sura ya 1 huchanganya watu. Aya ya 2 anasema mhesabu kuwa ni furaha mkiangukia katika majaribu, ya 13 anasema mtu asiseme anajaribiwa na Mungu. Hajipingi. Anazungumzia pande mbili za neno moja.

Tena angalia anavyosema, "mkiangukia". Kama mtu aliyetumbukia shimoni njiani. Hasemi nani alichimba shimo.

Kuhusu moto, Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo, aliandika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, wakati watu wanauliza kwa nini Wakristo nao waliumia. Alisema moto ni uleule, dhahabu hung'aa na makapi hutoa moshi. Kwa hiyo ukubwa wa moto hauwezi kukujibu swali lako.

Mleta uzi
Nashukuru kaka Mjoli. Ila mimi kwa sasa naona moshi tu.

Sonara Mstaafu
Nimefanya kazi ya dhahabu na fedha zaidi ya miaka thelathini, na huu mfano wa moto wahubiri wanautumia vibaya hadi naona aibu kukaa kanisani.

Kwanza, moto hauongezi kitu. Ukiweka gramu kumi za dhahabu yenye uchafu, hazitoki kumi na moja. Kilicho dhahabu kilikuwa dhahabu kabla hujawasha jiko. Mtu anayekuambia mateso ndiyo yatakupa imani hajawahi kushika kalibu.

Pili, moto una kipimo chake. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 hivi, dhahabu 1,064. Anayeachia moto ovyo anaharibu mali ya watu. Ndiyo maana napenda neno la Malaki 3:3, "naye ataketi kama asafishaye fedha". Ataketi! Huwezi kuwasha jiko ukaenda kupiga soga. Ile hadithi ya kwamba fundi hungoja mpaka aone sura yake kwenye fedha haimo kwenye Biblia, na mimi sijawahi kujitazama kwenye kalibu, nina miwani myeusi na jasho linaniingia machoni. Kilicho kweli ni kwamba ukisafisha fedha kwa madini ya risasi, ule utando wa mwisho ukishaondoka, uso wake unang'aa ghafla, kama mtu aliyefumbua jicho. Hapo unajua. Fedha yenyewe haijui kitu, inaungua tu.

La tatu hamlisikii mimbarini. Fedha iliyoyeyuka hunywa hewa. Ukiipoza haraka inaitema, inarusha vipande, uso unabaki na mashimo. Sisi tulikuwa tunaifunika kwa mkaa na kuiacha ipoe taratibu. Madhara mengine hutokea moto ukishazimwa. Dada, wewe ulitolewa jikoni siku ya maziko, na kabla hujapoa mtu akakumwagia maji.

Mpita Njia
Mzee Sonara, kaa hapahapa usiondoke.

Muuguzi wa Zamu
Samahani nikiwatoa kidogo kwenye maandiko. Dada, unalala? Unakula? Kuna siku unashindwa kuamka kitandani? Nauliza kwa sababu nimewaona waumini wengi wakiita sonona "ukame wa kiroho" na wakizidi kufunga, mwili ukadhoofika zaidi. Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumletea mahubiri. Alimwacha alale, akamlisha, akalala tena, akamlisha tena. Horebu, mlima aliposikia sauti ya Mungu, ilikuja baadaye. Ukiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri majibu hapa, mwambie mtu wa karibu leo na uende hospitali.

Na kama mtu anayekesha kwa mshahara, nakuambia: saa nane hadi saa kumi ndiyo saa ngumu kuliko zote. Ulikuwa umemuuguza mgonjwa kwa siku ngapi kabla ya hapo?

Mleta uzi
Wiki tano, Muuguzi. Mchana kazini, jioni hospitali. Kula nakula. Kulala ndiyo shida: nashtuka saa nane kila usiku, kama nimewekewa kengele. Kufa siwazi, ila nimechoka. Nitakwenda kuonana na daktari, naahidi.

Askari wa Msalaba
Nimesoma majibu yote. Dada, naomba radhi, niliharakisha. Ila bado nauliza kwa nia njema: kukesha si ni agizo? "Kesheni mwombe", Bwana mwenyewe kasema.

Bibi Shemasi
Kasema, na alisema usiku gani? Gethsemane. Na waliambiwa kina nani? Petro, Yakobo na Yohana. Na wakafanya nini? Wakalala, mara tatu. "Simoni, umelala? Hukuweza kukesha saa moja?" Saa moja, binti yangu, kama zamu yako. Kisha akawatetea yeye mwenyewe, roho i radhi lakini mwili ni dhaifu. Na walinzi wote watatu wakikoroma, wokovu wa dunia haukuahirishwa. Kama Mungu hakuuacha msalaba uharibiwe na usingizi wa Petro, huyo kiongozi wenu alipata wapi kwamba uhai wa mdogo wako ulining'inia kwenye kope zako?

Usiku uleule, kabla ya kwenda bustanini, Yesu alimwambia Petro kwamba Shetani ametaka kuwapepeta kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Kuna mwingine kwenye zamu, mama.

Mjoli
Bibi amemaliza kazi. Mimi niongeze la vitendo. Usiache ibada wala kikundi kwa sasa, na usijilazimishe kuhisi kitu. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwafundisha watu wasibadili maamuzi yao wakiwa katika kipindi cha ukiwa wa rohoni. Na ukavu huo umewakuta watu unaowaheshimu. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, wengi walishangaa kuona giza lililomkaa moyoni miaka na miaka, huku akiamka kila siku kuhudumia.

Baba Yetu ikikwama, jaribu Zaburi ya 88. Haina mwisho mwema, neno lake la mwisho ni giza. Walioikusanya Biblia hawakuitoa.

Tomaso
Mimi niliacha kanisa kwa maneno kama ya huyo kiongozi wenu, sijarudi. Sina ushauri. Nafuatilia tu uzi.

Mleta uzi
Karibu Tomaso, tukae wote.

Wapendwa, narudi baada ya siku nne. Kwa daktari nilikwenda, nitarudi tena. Jana nilimpigia dada aliyekuwa na zamu iliyofuata yangu, ya saa tisa. Miezi yote hii nilikuwa namkwepa, kwa sababu mimi ndiye nilitakiwa kumwamsha kwa simu nikimaliza. Nikamwambia nililala. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata.

Kumbe yeye alitega kengele yake mwenyewe, akaamka, akaketi kitini, akalala na daftari la nyimbo mapajani hadi asubuhi. Na kikaoni, yale maneno ya mlinzi kusinzia, alijua kabisa ni yeye anayesemwa. Miezi minane kila mmoja wetu amelibeba peke yake. Anasema yeye naye hushtuka usiku, ila saa tisa.

Tumecheka, kisha tukalia, kisha salio langu likaisha. Akapiga yeye. Zaburi ile ya giza tuliisoma kwa simu, yeye aya moja mimi aya moja. Baba Yetu bado sijaifikisha mwisho.