Bia ya pipa haitulii: painti ina ukungu hata siku ya tatu

Mpishi_Kijijini

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaoijua bia ya pipa ya Kiingereza, ile inayomalizia kuchachuka ndani ya pipa lenyewe. Kiwanda ni kidogo, kipo kijijini Yorkshire, Uingereza, mtambo wa bareli 5: kama lita 818 kwa mpiko mmoja, zinazojaza mapipa 20 ya galoni 9. Bia yenyewe ni bita (bia chungu kidogo ya Kiingereza) yenye kilevi asilimia 4, kimea cha shayiri ya Maris Otter, hopsi (maua ya kutia uchungu) za Fuggle na Goldings. Inajazwa ikiwa nyuzi 16 za Selsiasi, inatiwa mililita 600 za aizinglasi (dawa ya kung'arisha bia) kwa pipa, kisha inakaa kwenye chumba cha nyuzi 10 hadi gari la baa lije. Baa ikilifungua pipa siku ya tatu, painti (glasi ya zaidi kidogo ya nusu lita) ina ukungu na mashapo yamevimba kama pamba. Mapipa mengine bia haina gesi kabisa. Hatutii sukari, tunajaza graviti (kipimo cha sukari iliyobaki) ikiwa imebakiza pointi 1 kufika mwisho wa kuchachuka. Kosa liko kwenye dozi, joto au baa?

Mashapo

Mkuu, umeshajijibu nusu. Bia yako inajazwa kwa nyuzi 16 halafu inashuka hadi 10. Aizinglasi hufanya kazi vizuri joto la bia linapopanda kidogo kidogo, si linaposhuka. Ipoze bia tangini hadi nyuzi 8 au 10 kabla ya kujaza, kisha iache ipande yenyewe hadi 12 kwenye chumba cha mapipa cha baa. Hilo tu linaweza kuondoa robo tatu ya malalamiko.

Dozi nayo imezidi. Aizinglasi ikizidi haisafishi zaidi, inaleta mashapo mepesi yanayoinuka kila pipa linapoguswa. Usikisie, pima. Chukua chupa nne za kioo, kila moja lita 1 ya bia kutoka tangini, utie mililita 5, 7, 10 na 14 za aizinglasi. Zigeuze taratibu juu chini mara kadhaa, uziweke kwenye nyuzi 12. Zitazame baada ya saa moja, kisha kesho yake. Chagua dozi ndogo kuliko zote iliyong'arisha bia na kuacha mashapo yaliyoshikana. Pipa la galoni 9 lina lita 41, kwa hiyo mililita 7 kwa lita ni kama 290 kwa pipa. Wewe unatia mara mbili yake. Rudia jaribio kila unapobadilisha hamira au mavuno ya kimea.

Na aizinglasi yenyewe unaihifadhi wapi? Ni kolajeni ya mabondo ya samaki. Ikipita nyuzi 20 inavunjika na hairudi tena, hata ukiirejesha kwenye friji. Dumu lililokaa karibu na sufuria ya kuchemshia siku ya mpiko ni la kumwaga.

Baba_Sela

Nakubaliana na Mashapo, ila hayo mapipa yasiyo na gesi naona yanaharibikia baa. Waelekeze hivi.

Pipa likifika lilazwe palepale litakapouzwa, kizibo cha tumbo kikitazama juu, likabwe kwa kabari tatu lisitikisike. Likishafika nyuzi 11 hadi 13, kijiti laini kigongwe kwenye kitobo cha kizibo. Kijiti laini kina vinyweleo, gesi ya ziada inapita na povu linatoka. Futa povu, likirudi papo hapo, hamira bado inafanya kazi. Kijiti kikiziba kwa mashapo, kibadilishe. Ukifuta na povu likachelewa sekunde kadhaa kurudi, ng'oa hicho, weka kijiti kigumu kisichopitisha hewa. Mara nyingi ni ndani ya siku moja. Hapa ndipo gesi inapopotea: kijiti laini kikiachwa siku mbili, bia inalala, na hakuna pampu itakayoiamsha.

Koki igongwe baada ya gesi kutolewa, kamwe si kabla. Iwe safi, imefungwa, pigo moja thabiti la nyundo ya mbao. Kisha pipa litulie saa 24 au zaidi, uonje kwenye kokini kabla ya kuunga mrija wa pampu. Wakati wa mauzo kijiti kigumu kinatolewa ili hewa iingie. Baa ikifungwa usiku, kinarudi. Kulisahau hilo usiku mmoja kunatosha kuua gesi yote.

Pipa liinuliwe nyuma taratibu likiwa bado na nusu au theluthi ya bia, wakati hakuna anayevuta pampu. Wanaosubiri hadi mwisho ndio wanaomwaga mashapo kwenye glasi.

Kimea_na_Hopsi

Wakuu, mimi ningeanzia nyuma zaidi. Umehesabu hamira? Bia inapoingia pipani iwe na seli milioni 1 hivi kwa mililita. Zikiwa nyingi mno aizinglasi inalemewa. Zikiwa chache mno, hiyo pointi 1 haitachachuka na bia itabaki bila gesi hata baa ikifanya kila kitu sawa. Ipoze tangini siku mbili, kisha hesabu kwa hadubini.

Chunguza pia aina ya ukungu. Shika glasi mikononi hadi ipate joto la chumba. Ukungu ukitoweka, ni protini ya baridi, na aizinglasi haikamati sana protini, inashika hamira. Hapo dawa ni karajinani (ute wa mwani) kwenye sufuria, dakika 10 hadi 15 kabla ya kuzima moto. Ukiichemsha muda mrefu inakatika. Karajinani ya namna hiyo ndiyo iliyomo kwenye mwani wa kotoni unaolimwa Zanzibar, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yamo kati ya malighafi za aizinglasi. Ukungu wenye uchachu puani ni bakteria: mwaga, safisha kila kitu.

Mpishi_Kijijini

Asanteni sana. Mapipa sita yaliyo na ukungu nifanyeje? Na ile dawa ya silika inayosaidia kung'arisha bia, naweza kuichanganya na aizinglasi?

Mashapo

Usichanganye. Aizinglasi ina chaji chanya, silika ina chaji hasi. Zikikutana kwanza zinashikana zenyewe na hamira inabaki inaelea. Silika itangulie tangini, ichanganyike vizuri, aizinglasi ifuate wakati wa kujaza.

Mapipa sita: yasiyofunguliwa yarudishe, yapoze hadi nyuzi 8, yaviringishe, yalaze kwenye nyuzi 12 kwa saa 48. Bia iliyotiwa aizinglasi ambayo haijavunjika inaweza kutulia tena zaidi ya mara moja. Lililokwisha gongwa koki lihesabu kuwa hasara. Limeingia hewa, na bia ya pipa lililofunguliwa ina siku tatu tu.

Baba_Sela

Kama baa haiuzi painti 72 kwa siku tatu, wapelekee mapipa ya galoni 4 na nusu, painti 36. Au wafunge kifaa cha kupumulia kinachoingiza hewa ukaa badala ya hewa, bila shinikizo. CAMRA, chama cha Uingereza kinachotetea bia ya pipa, walikipinga miaka mingi, wakalegeza msimamo mwaka 2018.